Firimbi ya Mama Ndinda

Mtaa mzima wa Gatwekera unajua mdomo wa Kamene, na si kwa umbea. Ni kwa firimbi. Ana firimbi ya shaba iliyofungwa kwa uzi wa shanga, aliyopewa na shangazi yake kule Kitui wiki aliyoolewa, kwa sababu shangazi huyo ndiye aliyekuwa akiongoza kina mama wa kijiji kucheza na hakuwa na binti wa kumwachia. Katika ngoma za Wakamba, mwenye firimbi ndiye mwenye mchezo. Akipiga, mabega yanatikisika. Akinyamaza, yanatulia. Hakuna mchezaji anayeruka juu kabla firimbi haijamwambia aruke. Na Kamene hakosei. Kwenye harusi na michango ya kanisa, hata siku moja alipokuwa na malaria na macho mekundu, pumzi yake iliangukia palepale ngoma ilipoangukia.

Lakini mjini ngoma si za kila siku. Cha kila siku ni shida ya maji, na hapo ndipo firimbi ilipopata kazi nyingine.

Kibanda chake kiko karibu na mfereji, bomba la maji la mtaa mzima. Anauza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakawa laini, na wateja wake ni vibarua wa mjengo wanaopita asubuhi. Maji ya Gatwekera hayana ratiba. Yanaweza kuja leo asubuhi, kisha mkae wiki mkiyangoja. Ila kabla ya kuja, mfereji hukohoa. Hukohoa vizuri kabisa, kama mzee aliyekalia jambo siku nyingi na sasa anataka kulisema. Kamene akisikia kikohozi hicho anaacha mwiko ndani ya sufuria, anatia firimbi mdomoni na kupiga: mbili fupi, moja ndefu. Maana yake ni maji yamekuja, kimbia.

Aliyekuwa akikimbia ni Ndinda, binti yake wa pekee. Alianza kuitika mlio huo kabla hajaanza shule. Alikimbia akaacha wenzake wameshika kamba ya kuruka hewani. Alikimbia kutoka kwa kinyozi na nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Jumapili moja alikimbia kutoka kanisani mchungaji akiwa amefumba macho katikati ya maombi, na alipoyafumbua akakuta kiti kitupu. Majirani walijaribu kuwazoeza watoto wao kukimbia kwa firimbi ileile ya Kamene, maana ilikuwa ya bure na ilisikika mpaka ng'ambo ya reli. Haikusaidia. Wakifika, mitungi ya Ndinda iko mbele, na mwenyewe ameikalia, anawachekelea.

Seline, jirani wa mlango kwa mlango, mama aliyetoka kando ya Ziwa na asiyeweza kukaa kimya penye nafasi ya utani, ndiye aliyempa Kamene jina la Refa. Firimbi ikilia alisema refa ameanzisha mechi, na kama kawaida timu ya Ukambani inaongoza.

Siku nyingine Kamene alikuwa akifunga kibanda na kwenda kufua mashuka katika shule moja ya kibinafsi, pale Kawangware inapoishia na kuta za mawe kuanza. Shule hiyo ilikuwa na bwawa la kuogelea. Likizo ikifika alimchukua Ndinda, kwa sababu hakuwa na wa kumwachia, na siku ya kwanza mtoto alipoliona lile bwawa alisimama akashika sketi ya mamake.

"Mathe, haya maji ni ya nani?"

"Ya shule."

"Na mbona hakuna laini ya mitungi?"

Kamene alilicheka swali hilo mpaka akapiga goti. Alilisimulia kibandani wiki nzima. Lakini ukilifikiria ni swali la maana. Maji mengi namna ile, na hakuna mtungi hata mmoja uliopangwa kando yake.

Kocha wa pale aliitwa Gichuru. Jumamosi alikuwa akiwafundisha bure watoto wa Kawangware, na Ndinda akaingia katikati yao akiwa na chupi na fulana ya kanisa. Mwaka wa kwanza alijifunza kutozama. Baadaye alianza kuwapita waliomfundisha kuelea. Alipofika kidato cha tatu hakukuwa na msichana pale wa kumfikia, na Gichuru alikuwa anampeleka kwenye mashindano ya kaunti, kisha ya taifa, na Ndinda alikuwa anarudi Gatwekera na medali ambazo Seline alizijaribu kwa meno kuona kama ni dhahabu.

Halafu shule ikauza kiwanja. Pangejengwa ghorofa. Bwawa lingefukiwa muhula ukiisha, na mabwawa mengine ya karibu yalikuwa ya wanachama, watu wa magari, ambako hata getini hufungui mdomo ukasikilizwa. Gichuru mwenyewe hakujua angeenda wapi.

Ikabaki njia moja. Mwaka huo mashindano ya kuogelea ya bara la Afrika yalikuwa yafanyike Kasarani, na kwa kuwa Kenya ndio wenyeji, waliruhusiwa kuingiza waogeleaji wengi kuliko kawaida. Ndinda akapata nafasi kwenye mita hamsini, mtindo wa huru. Ni urefu wa bwawa mara moja tu, kwenda bila kurudi. Na Gichuru alikuwa na rafiki, kocha wa shule moja ya bweni ya waogeleaji huko Afrika Kusini, ambaye angekuja na timu yake na alikuwa na nafasi moja ya msichana, masomo na chakula juu yao. Alisema hivi: Ndinda akivuka mchujo aingie nusu fainali, nafasi ni yake. Asipovuka, kuna wengine wanaoingoja.

Kamene alipopeleka sahani ya muthokoi kwa Kocha, kama shukrani, aliuliza kama mtoto ataweza. Gichuru hakupenda kudanganya watu. Alisema Ndinda akishaingia majini ni samaki, hana wasiwasi naye. Shida ni kutoka. Honi ikilia wenzake wako hewani tayari, yeye bado anasikiliza. Na kwenye mita hamsini, ukichelewa kutoka, hakuna mahali pa kulipia.

Kamene alirudi nyumbani akiwa na neno hilo kichwani kama kiroboto. Ndinda achelewe kutoka? Ndinda aliyeacha kinyozi na wembe mkononi?

Alimwambia Seline. Seline akageuza samaki kwenye kikaango, akasema pale hakuna tatizo la mtoto, ni wao hawajui vile huwa anaitwa.

Lilikuwa neno la utani. Lakini Kamene alilala nalo.

Jioni ya kuamkia safari, Ndinda akipanga begi, alimwomba mamake kitu kimoja. Hakutaka nyimbo. "Mathe, huko si kanisani. Kaa tu uangalie." Kamene akaahidi kwamba hataimba. Hilo alilitimiza. Firimbi haikutajwa na yeyote, na yeye aliifunga ndani ya leso, akaitia kifuani.

Walipofika Kasarani, mlinzi alimpekua Seline akamnyang'anya chupa ya uji, na Seline akamwambia ainywe pole pole kwa sababu ina ndimu. Kamene alipita hivihivi.

Ndani palikuwa na joto kama jikoni na harufu ya dawa inayochoma pua. Na maji. Kamene alikuwa amezoea bwawa la shule, lakini hili lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa refu na la buluu kiasi kwamba Seline alishuku wameyatia rangi. Ungeweza kuona mistari myeusi kwenye sakafu, chini kabisa, kana kwamba hakuna maji bali kioo. Kamba zenye vibonge vya plastiki zililigawa bwawa katika njia, na kila njia ilikuwa na kibao chake cha kurukia, na nyuma ya kila kibao kulikuwa na kiti na kikapu cha kutupia nguo.

Na hao watu wenyewe! Waliingia wakipanga mstari, wamevaa majaketi makubwa na vipokea sauti masikioni, hawatazami mtu. Wakivua majaketi unaona mabega mapana kama milango. Msichana mmoja wa Misri alijipiga makofi mapajani na kifuani mpaka ngozi ikawa nyekundu, kama anayemwamsha mtu aliyelala ndani yake. Mwingine alichota maji akajimwagia usoni kabla ya kuingia humohumo majini. Wakiruka hawakuanguka, walipenya. Maji yalifunguka yakawameza, kisha kwa muda ambao moyo wa Kamene ulikataa kuuamini hukuona kitu ila vivuli virefu vikipita chini, vikijikunja kama shuka linaposuuzwa. Seline alijaribu kushikilia pumzi pamoja nao akashindwa, akakohoa. Halafu walichomoza wote pamoja katikati ya bwawa na kelele za watu zikalipuka, na mikono ikawa inazunguka mpaka huwezi kujua ni ya nani. Wakigusa ukuta hawakutazamana. Waligeuka kuangalia skrini kubwa, na hapo ndipo nyuso zao zilipopata habari. Huyu alipiga maji kwa ngumi kwa furaha, yule alilaza shavu kwenye kamba akabaki hapo.

Seline alisema kwao watu huogelea kwa sababu kuna kitu cha kuchukua ng'ambo. Hawa wanaenda mikono mitupu na kurudi mikono mitupu.

"Wangu amekuja kuchukua," Kamene akamjibu.

Kisha akaanza kazi iliyomleta.

Alikuwa ameshangaa kugundua kwamba hata hapa kuna firimbi. Mwamuzi, mwanamke aliyevaa nyeupe juu mpaka chini, alipiga vifupi vifupi kuwaambia wavue nguo. Alipiga kirefu, wakapanda kwenye vibao. Kisha sauti ya mwanamume ikasema kwa Kizungu kwamba wajiweke tayari, wakainama wote, na ukumbi ule mzima ukanyamaza, watoto kwa wakubwa. Kimya. Kisha honi.

Kamene alipima kimya hicho kwa kidole juu ya paja. Mchujo wa wanaume, mwingine, na mwingine. Sauti, kuinama, kimya, honi. Urefu wa kimya ulikuwa uleule kila mara. Ilikuwa ngoma kabisa, tena ngoma rahisi. Baada ya muda mguu wake ulikuwa unagonga sakafu pamoja na honi, si kabla wala si baada, na alijua kwamba angeweza kuingiza mlio mmoja mfupi, ule unaoanzisha wito wa maji, ndani ya ile honi, katikati yake, na hakuna ambaye angeusikia ila mtu mmoja aliyeuzoea tangu utotoni.

Safu ya mbele yao alikaa mama mmoja mwenye trakisuti, aliyejitambulisha kuwa Tabby na kwamba mwanawe anaogelea mtindo wa kipepeo. Aliwaeleza mengi kwa ukarimu. Alisema wakati ule wa kimya hata kupiga chafya ni vibaya, kwa sababu siku hizi ukiruka kabla ya honi unatolewa mara ya kwanza, hakuna kuonywa. Kamene aliitikia kwa kichwa. Yeye hakukusudia kupiga chafya.

Zamu ya Ndinda ikafika.

Alitoka mwisho wa mstari, njia ya pembeni kabisa, amevaa kofia nyeupe yenye bendera. Kati ya wale wasichana alionekana mwembamba kama mwiko. Jina lake lilisomwa likatoka limepinda, na Seline akafungua mdomo kupiga kigelegele, Kamene akambana mkono. Ng'ambo ya bwawa, karibu na ukuta, mwanamume mmoja mwenye ndevu nyeupe na jaketi la kijani alisimama ili aone vizuri. Kamene alijua ndiye yule rafiki wa Gichuru.

Ndinda aliinua macho akawatafuta kwenye viti. Alipowaona hakutabasamu. Alivuta miwani ya maji akaishusha machoni.

Vifupi vifupi. Kirefu. Wakapanda. Sauti. Wakainama.

Msichana wa njia ya kati akayumba. Sauti ikasema neno, wote wakasimama wima tena, wakashuka, wakatikisa mikono. Watu wakanong'ona. Kamene akamwona Ndinda alivyoegemeza kichwa upande, anatega sikio. Ni kweli, alijisemea, mtoto anasikiliza. Anasikiliza sana. Atachelewa.

Akatoa leso.

Wakapanda mara ya pili. Sauti. Wakainama. Kamene akavuta pumzi akaishika, kidole kikahesabu juu ya paja, na kimya kilipofika mwisho wake, palepale, bila kukosea hata nywele moja, akapiga.

Honi haikulia.

Yule mwanamume wa sauti, mwenye kuanzisha mbio, alikuwa anangoja safari hii. Alikuwa amemkazia macho msichana aliyeyumba, anataka atulie kabisa. Kimya chake kilikuwa kirefu kuliko vingine vyote, na katikati ya kimya hicho firimbi ya Kamene ililia peke yake chini ya lile paa kubwa, fupi na safi.

Wasichana wengine wote hawakusogea. Kwao ilikuwa kelele tu. Ndinda alikuwa hewani.

Na alitoka vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Kamene kuliko yote baadaye, kwamba hajawahi kuona mtu akitoka vizuri namna ile, siku hiyo nzima, hata wale wakubwa wa Misri. Alinyooka kama uzi, akaenda mbali, akapenya bila kurusha maji. Kivuli chake kikapita chini peke yake. Akachomoza, akapiga mikono kidogo, kisha akahisi kwamba pembeni yake hakuna mtu. Akasimama majini ameshika kamba. Akainua miwani.

Hakuangalia vibao wala skrini. Aliangalia viti, akafika moja kwa moja pale walipokaa.

Yule mwamuzi wa nyeupe alitembea kando ya bwawa, akachutama, akamwambia kitu kwa upole. Gichuru alikuja mbio, akielekeza mkono juu kwenye watu, akigusa sikio lake. Waamuzi walikutana. Walimsikiliza, hakuna anayeweza kusema hawakumsikiliza. Walirudi kwenye skrini yao ndogo wakatazama tena. Kisha mwamuzi akatikisa kichwa. Tabby alieleza bila kugeuka, kama anayejisemea, kwamba labda wangemwachia kama wengine nao wangeyumba. Lakini wote wameisikia, na ni mmoja tu aliyekwenda.

Hapo ndipo alipogeuka. "Ni nani amepiga hiyo kitu?"

Kamene alifungua kiganja. Seline aliinyakua firimbi kabla mama yule hajaiona vizuri, na walinzi walipopanda ngazi wakiuliza, tayari alikuwa amesimama.

"Ni mimi," Seline akasema. "Twende, nimechoka na hili joto."

Wakamtoa. Alishuka nao polepole akiwatania, ila mabega yake hayakuwa ya mtu anayetania. Kamene akabaki kwenye kiti chake, na kiti cha pembeni kitupu.

Mashindano hayangoji. Wasichana walipanda tena kwenye vibao, isipokuwa njia ya pembeni. Sauti. Kuinama. Kimya, na safari hii kilikuwa cha urefu uleule wa kawaida. Honi. Kamene aliitazama njia ya Ndinda tangu mwanzo mpaka mwisho. Maji ya wenzake yaliipiga piga, kisha yakatulia. Wale watu wengine wote waliangalia mbio. Yeye aliangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu. Alipoinua macho kumtafuta mwanamume wa jaketi la kijani, alimwona amekaa, anajimiminia chai kutoka kwa chupa, anangoja mchujo unaofuata.

Nje, karibu na geti, Ndinda alikuja na nywele zinazochuruzika na begi mgongoni. Gichuru alikuwa anamuuliza kama anamjua aliyepiga ile firimbi, kwa sababu akijulikana pengine yeye kama kocha anaweza kuandika malalamiko.

"Sijui, Kocha," Ndinda akasema. "Watu walikuwa wengi."

Gichuru alimtazama Kamene. Alikuwa ameisikia firimbi ile kwenye sherehe ya kufunga shule, mwaka kabla ya huo, Kamene na kikundi chake walipowachezea wazazi. Aliwaambia tu kwamba rafiki yake amesema atamkumbuka, pengine mwaka ujao, tutaona. Wote watatu walijua kwamba hakuna pa kuogelea kati ya hapo na mwaka ujao. Seline, aliyekuwa amekalia jiwe akiwangoja, alimrudishia Kamene firimbi ikiwa imefungwa kwenye leso, kama mtu anayerudisha sufuria aliyoazima.

Bwawa la shule walilitoa maji kwanza, kabla ya kulifukia. Kamene aliona, alikuwa amekwenda kufua mara ya mwisho. Walitia pampu na mpira mnene, wakayamwaga barabarani, na maji yakashuka kwa kishindo upande wa Kawangware. Wanawake walitoka na mabeseni na mitungi na hata sufuria, wakikimbia na kusukumana. Hakuna aliyekuwa amewaita. Siku iliyofuata lori likaleta udongo.

Kikundi cha ngoma kilimtumia ujumbe kuhusu harusi. Alisema kifua kinamsumbua. Firimbi aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na Ndinda alipokuwa akitoka kwenda shule na kurudi, mlango ukifunguliwa, ilikuwa ikigonga mbao kidogo. Wote wawili walijifunza kuufungua taratibu.

Hawakugombana. Kamene alingoja matusi, hata angeyashukuru, lakini Ndinda aliosha vyombo, alifanya kazi ya shule, alisema asante kwa chakula. Alirudi kuwa mtoto mzuri wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa yenye wanafunzi wengi kuliko viti. Seline alijaribu utani mara moja, akaona haupati pa kukaa, akauacha.

Halafu asubuhi moja ya Jumamosi, baada ya maji kupotea siku nyingi, mfereji ukakohoa.

Kamene alikuwa na mwiko mkononi. Mkono mwingine ulikwenda kifuani wenyewe, ukakuta leso tupu. Akasimama. Mfereji ukakohoa tena, ukatema kutu. Mama mmoja akapiga kelele kuita wanawe, milango ikaanza kulia, watu wakaanza kupita mbio. Kamene akafunika sufuria, akatembea mpaka nyumbani, akasukuma mlango taratibu. Ndinda alikuwa amekaa kitandani akishona kifungo cha sare. Kamene akamwambia maji yamekuja.

Ndinda alichukua mitungi. Hakukimbia. Walipofika, laini ilikuwa imezunguka choo na kupita duka la mkaa, na walikaa mwisho wake. Ilisogea kidogo. Ikasogea tena kidogo. Kisha kule mbele mtu akaupiga mfereji kwa kofi, na watu wakajua kabla hata ya kuambiwa. Maji yalikuwa yamekatika.

"Mbona hukupiga?" Ndinda akauliza.

Kamene aliangalia mitungi. "Nilidhani hutaki kuisikia tena."

Ndinda alimwita mama kwa Kikamba, kama alivyokuwa akimwita akiwa mdogo na homa imempanda.

"Nilijua si honi, Mwaitu. Nilijua kabisa kwamba si honi." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Kamene angetamani iwepo. "Miguu ndiyo haikujua."

Wenye haraka walianza kuondoka na mitungi yao ikigongana. Ndinda aligeuza wake kichwa chini akaukalia, na mamake akaugeuza wake akakaa kando yake. Wote wawili walijua hayangerudi siku hiyo. Walikaa tu, wameelekea upande wa mfereji.